Nyumba Iliyobaki Juu

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Ragna Tveit hufungua mlango wa mbele, hupiga magoti kibarazani na kuteremsha kopo la maziwa kwa kamba. Futi kumi na nne chini yake, Bwana Kvam muuza maziwa hulipokea, hulijaza, kisha huigusa kamba mara mbili. Ragna huvuta polepole yasimwagike. "Mzee hajambo?" huuliza Kvam. "Hajambo, ahsante," hujibu Ragna, na farasi huondoka na gari lake. Kwa miezi saba hawakuwa wamesemezana zaidi ya hapo, na hakuna aliyeona kimepungua kitu.

Siku hiyo kopo lilikuwa limefika nusu ya njia Kvam alipopaza sauti.

"Bi Tveit! Wakaguzi wako nyumba ya kona!"

"Wakaguzi? Si wanakuja Alhamisi?"

"Barua ilisema Alhamisi. Macho yangu yanasema leo."

Ragna akashtuka, kamba ikatikisika na kopo likachomoka kwenye kifundo chake. Kopo likaenda chini likapiga matofali mapya ya barabara, na maziwa yakatambaa kwenye nafasi za matofali kana kwamba yalikuwa yanajua njia. Farasi akarudi nyuma hatua mbili.

"Basi, basi, si neno," alisema Kvam. "Teremsha kamba nikupe mengine."

"Hapana, usisumbuke."

"Nakupa, Bi Tveit."

"Hapana, kwa kweli. Ni uzembe wangu."

"Mama, teremsha kamba, farasi wangu anapata baridi."

Hapo ndipo Ragna alipoteremsha kamba. Kvam naye alikuwa mtu wa kwao, mtoto wa Norwe, na hakuona ajabu yoyote. Kwao mtu hakubali kitu mara ya kwanza, huo ni ulafi. Mara ya pili hukataa kwa sauti ya chini. Mara ya tatu hupokea, na anayetoa hujua kwamba tangu mwanzo alikuwa anakitaka.

Aliingia ndani na maziwa yake. Aliliweka kopo mezani, akaliondoa, akaliweka dirishani, akalirudisha mezani.

Zamani Mtaa wa Larch ulipanda mlima mkali, farasi wakiteleza kila mvua ikinyesha, na mvua katika mji ule hainyeshi kwa zamu. Halmashauri ikaamua kuukata mlima. Mwezi wa Machi walikuja watu wa mipira ya maji na majembe, wakaichimba barabara mpaka ikashuka futi kumi na nne, wakaitandaza matofali, wakaondoka. Barabara ikawa nzuri sana. Nyumba zikabaki juu, kila moja kwenye bonge lake la udongo, kama keki zilizosahauliwa rafuni. Wenye nacho waliita watu wa jeki, wakazishusha nyumba zao nzimanzima mpaka usawa wa barabara. Wasio nacho waligongomewa ngazi za mbao, vipandio ishirini na sita, vyembamba, vyenye mkono upande mmoja tu, zinazolia upepo ukivuma.

Sivert Tveit aliivunja nyonga yake miaka tisa nyuma, alipoanguka jukwaani kwenye karakana ya meli, na tangu hapo alitembea kwa fimbo. Ngazi zile alizijaribu mara moja. Ragna alikuwa dirishani. Alimwona akishuka vipandio vitano, kisha akasimama. Alisimama hivyo muda wa kuchemsha birika mbili, vidole vyake vimekuwa vyeupe kwenye ule mkono wa ngazi. Halafu akarudi juu kinyumenyume, kwa mikono na magoti. Ragna alikimbilia jikoni akaanza kukoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu. Sivert alipoingia alisema upepo ni mkali leo. Ragna akasema ni kweli, mkali mno.

Tangu siku ile hajatoka. Jumapili ikifika, husema yule mchungaji anahubiri kwa pua. Rafiki zake wa karakana wakimwita chini barabarani, huwapungia mkono dirishani na kusema ana kazi. Kanisani Ragna huwaambia watu kwamba Sivert ana mafua. "Mafua ya miezi saba," alisema mke wa mchungaji juzijuzi, kwa upole, na Ragna akavitazama viatu vyake.

Kwa hiyo fidia ambayo halmashauri iliahidi kuwalipa wenye nyumba zilizodhurika haikuwa fedha, machoni pa Ragna. Ilikuwa jeki na magogo na wanaume kumi na wawili wa kuishusha nyumba, ili asubuhi moja Sivert afungue mlango na kutoka kama watu wengine wanavyotoka. Aliyemkokota mpaka ofisi za halmashauri kupeleka madai alikuwa jirani yao wa ng'ambo ya barabara, Bi Devaney, mwanamke wa Ayalandi mwenye sauti ya kuamsha kituo cha polisi. Peke yake Ragna asingethubutu. Barua ya majibu ilisema: wakaguzi watatu watazuru kila nyumba, watakachoandika ndicho kitakacholipwa, na mwenye nyumba akishatia sahihi, mambo yamekwisha.

Kosa lilianzia kwenye barua ile. Sivert aliisoma, akaikunja, akaenda kuchukua randa.

"Watu wa serikali hawataingia nyumbani kwangu wakute mlango unaokwama," alisema.

Alikuwa fundi, tena fundi hasa. Udongo chini ya nyumba ulikuwa umelegea, kwa hiyo sakafu ilikuwa imeinama, milango imepinda, na lipu ya sebuleni ilikuwa imepasuka kutoka darini mpaka chini, ufa wa kuingia kidole. Kwa siku kumi Sivert alifanya kazi akipiga mluzi. Aliranda milango, akachomeka kabari chini ya sakafu mpaka ikalala sawa, akajaza nyufa, akapaka chokaa. Ragna hakuwa amemsikia akipiga mluzi tangu Machi, na hakuweza kumzuia. Na tuseme ukweli, naye hakutaka sana. Nani anapokea wageni na nyumba chafu? Alipiga sakafu nta. Alifua mapazia. Ule ufa mkubwa ulipokataa kufichika kwa chokaa, alitundika juu yake blanketi la kufumwa alilopewa na mama yake siku ya kuondoka nyumbani, lenye ndege wekundu wanne.

Bi Devaney alipanda juzi kuja kuazima chumvi, akasimama katikati ya sebule, mdomo wazi.

"Bi Tveit! Mnaoza binti?"

"Tunasafisha kidogo tu."

"Kidogo! Mimi sijaosha chombo siku tatu. Bomba la moshi lilikuwa limeegemea upande, nimelisukuma kidogo liegemee zaidi. Na wakija namlaza Mick kitandani aanze kuguna."

"Mumeo anaumwa?"

"Ataumwa Alhamisi." Akalisogelea blanketi, akalinyanyua pembe, akaona kilichokuwa nyuma yake, akaliachia. Alimtazama Ragna kwa muda. "Mficha uchi hazai, jirani," alisema, na safari hii hakupaza sauti.

Sasa Ragna alikuwa mbele ya blanketi lile lile, na wakaguzi walikuwa nyumba mbili kutoka hapo. Alilishika, akaliachia. Akaenda jikoni akaweka kahawa motoni, akatoa chapati za viazi, akazipaka siagi na sukari, akazikunja, akaona zimekaa vibaya, akazikunjua. Alichungulia dirishani. Akarudi kwenye blanketi.

Sivert alitoka chumbani amevaa koti la Jumapili. Lilikuwa limempwaya mabegani.

"Kaa chini, Mama. Unanitia kizunguzungu."

"Baba," alisema Ragna. Walikuwa wakiitana hivyo tangu mtoto wao alipozaliwa, na mtoto alikuwa ameshaolewa mbali, lakini majina yalibaki. "Hili blanketi. Tusiliondoe?"

"Ili waone nini?"

"Ufa."

"Ufa wataujua wenyewe. Si watu wazima? Watauliza, nasi tutajibu."

"Na ukiulizwa utasema?"

Sivert alifunga kifungo cha koti. "Nikiulizwa vizuri, nitasema."

Ragna alitaka kumwuliza, utasema yote? Hata ya ngazi? Halafu ngazi zikaanza kulia, na hakukuwa na nafasi tena.

Walikuwa watatu. Wa kwanza, Bwana Peckham, mrefu, mkavu, alikuwa na daftari. Wa pili alikuwa na mafua ya kweli na hakusema neno mpaka mwisho. Wa tatu, Bwana Osgood, mfanyabiashara wa mbao mwenye tumbo la heshima, alifika nyuma ya wenzake akiwa ameukumbatia mkono wa ngazi kama ndugu aliyepotea. Alipoingia aliegemea ukuta akahema.

"Bwana wee," alisema. "Hizi ngazi mnazipanda kila siku?"

"Mtu huzoea," alisema Sivert.

Ragna alimtazama. Sivert hakumtazama.

Ng'ambo ya barabara, Bi Devaney alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kiunoni. "Bwana Peckham!" aliita. "Mume wangu bado anaguna, kama ulisahau kuandika!"

"Nimeandika, mama, nimeandika," alisema Peckham bila kugeuka, akafunga mlango. Mlango ulijifunga taratibu, bila sauti. Aliufungua tena, akaufunga tena. "Huu ni mlango wa kwanza kufunga tangu asubuhi," alimwambia Osgood.

Wakazunguka. Osgood alilaza penseli sakafuni aone kama itabingirika. Penseli ilitulia. Peckham alipitisha kiganja ukutani, akachungulia madirisha, akagonga miimo. Mbele ya ndege wekundu alisimama. Moyo wa Ragna ukasimama naye. Peckham alisema ni kazi nzuri ya mkono, akaendelea.

"Nyumba hii umeijenga wewe, Bwana Tveit?"

"Nilisaidiwa kuezeka."

"Mtaa mzima umepinda kama meno ya mzee. Hii imesimama kama askari."

Uso wa Sivert ukawaka. Ragna aliuona ukiwaka, ule uso aliokuwa akiutamani miezi saba, na alijua furaha ile inanunuliwa kwa bei gani.

"Basi niambie," alisema Peckham, penseli tayari. "Kuna madhara mnayodai?"

Ragna alikaza vidole vyake. Sema, Baba.

"Aa," alisema Sivert, akiishika fimbo yake. "Si neno. Tunajikongoja."

Penseli ikaandika.

Bado, alijiambia Ragna. Hiyo ni mara ya kwanza. Ataulizwa tena. Aliharakisha kuleta sinia, akamgeukia Peckham kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa wao.

"Mtakunywa kahawa?"

"Ndiyo, ahsante," alisema Peckham, akachukua kikombe.

Hivyo tu. Ndiyo, ahsante. Hata kikombe hakijatulia juu ya sinia. Osgood naye akachukua chake, na chapati mbili, na mwenye mafua akachukua tatu. Ragna alibaki na sinia tupu mikononi, na ilikuwa kama mtu amemfungulia dirisha usoni. Watu hawa wakitaka husema wanataka, hapo hapo. Na wakiambiwa si neno, huandika si neno.

Hatauliza tena.

"Chapati tamu hizi," alisema Osgood. "Za nini?"

"Za viazi," alisema Ragna. Aliiweka sinia juu ya kiti. Akaitoa. Peckham alikuwa anamalizia kuandika, amesimama, kikombe mkono mmoja. Nje mvua ilikuwa imeanza. Ragna alimwangalia Sivert, akimsihi kwa macho, na Sivert aliyatazama madirisha yake aliyoyapaka rangi wiki iliyopita, ameridhika na ameogopa, yote mawili pamoja, kama mtoto aliyesifiwa kwa kitu alichokiiba.

"Nitawasomea," alisema Peckham. "'Nyumba ipo katika hali njema. Milango, sakafu na kuta ni timamu. Mwenye nyumba hana malalamiko. Madhara: hakuna.' Hapa sahihi yako, Bwana Tveit, nasi tuwaachie siku yenu."

Sivert alichukua kalamu. Aliishika juu ya karatasi, haikugusa.

Ragna hakukumbuka baadaye alivyovuka sebule. Alikumbuka tu sufi ya blanketi mkononi, na msumari uking'oka, na vumbi la chokaa likimwingia puani. Ufa ulikuwa pale, umejazwa mpaka juu, umepakwa vizuri, kama kovu lililotiwa poda. Alichukua kijiko kutoka kwenye kisosi cha Osgood akaanza kuchimbua.

"Mama!" Sivert alisimama. "Mama, unafanya nini? Mbele ya wageni!"

"Si wageni hawa," alisema Ragna. Vipande vilianguka kwenye sakafu yenye nta. "Chini kuna kabari kumi na tisa. Milango ameiranda juma lote. Hii nyumba inaondoka, bwana, inaondoka chini yetu, na sisi tumeitia poda."

Osgood aliacha kutafuna. Alisogea akaingiza kidole ndani ya ufa, kikazama mpaka kifundo. "Peckham," alisema.

"Naona." Peckham aliweka kikombe chini. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa amechoka, na nyumba zilikuwa nyingi. "Bi Tveit, nyufa zipo kila mahali. Nitauandika. Lakini ufa hujazwa, na mume wako amethibitisha kwamba unajazika. Mimi nimeuliza kama kuna madhara, nikajibiwa hakuna."

"Uliuliza mara moja."

"Niulize mara ngapi?"

"Tatu," alisema Ragna.

Osgood aliangua kicheko, kisha akakimeza alipomwona Ragna usoni. Yule mwanamke mdogo mwenye aproni safi alikuwa amesimama wima, kijiko mkononi, chokaa kwenye nyusi.

"Kwetu ni tatu," alisema Ragna. "Ni makosa yetu, si yako. Lakini muulize tena. Usimuulize habari ya kuta. Muulize mara ya mwisho kutoka nje ya mlango huu ilikuwa lini."

"Mama, nyamaza," alisema Sivert.

"Nimenyamaza tangu Machi, Baba."

Peckham alimtazama Sivert, akaitazama fimbo, na kwa mara ya kwanza alionekana kuiona. Alifungua ukurasa mpya.

"Bwana Tveit. Mara ya mwisho ulitoka lini?"

"Mvua imekuwa nyingi mwaka huu," alisema Sivert.

Penseli ilijongea karatasini, na Ragna akaunyoosha mkono kama anayezuia mtoto kugusa moto. Peckham akaiinua penseli. Hakuandika.

Osgood alijikuna shingo. Alisema kwa sauti nyingine, sauti ambayo labda aliitumia nyumbani kwake. "Mzee, mimi nina miguu miwili mizima, na nilipofika kipandio cha kumi nilimwita mama yangu. Wewe unashukaje?"

"Sina haja ya kushuka. Kila kitu kipo hapa. Mchungaji wetu anahubiri kwa..." Sivert alikoma. Mkono wake ulikuwa bado na kalamu, nayo ilikuwa inadondosha wino kwenye koti la Jumapili. Hakuona.

Ragna aliweka kijiko chini. Alimwendea, akamtoa kalamu vidoleni, akaiweka mezani mbali naye. Alitaka kumfuta koti lakini akajizuia. Mikono yake ilikuwa imefutafuta vya kutosha.

"Sivert," alisema.

Hakuwa amemwita jina lake kwa miaka ishirini na sita. Sivert aligeuza uso ghafla kana kwamba kuna mtu mwingine ameingia chumbani.

"Sivert. Kwa nini hutoki?"

Sivert alitazama mlango wake uliorandwa, unaofunga bila sauti. Ragna alijua, kama ajuavyo harufu ya mkate unaoungua, kwamba sasa atasema upepo, na kwamba akisema upepo, yeye Ragna hatakuwa na nguvu ya kuuliza tena kamwe.

"Naziogopa," alisema Sivert.

Alielekeza fimbo mlangoni.

"Zile ngazi. Nilifika cha tano nikashindwa. Nikarudi nikitambaa." Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu anayebeba mbao peke yake. "Uliniona, Ragna. Najua uliniona. Jumapili ukitoka nakaa pale dirishani nakuhesabia vipandio mpaka ufike salama, kisha nakaa tu. Sijakanyaga udongo tangu Machi. Siwezi kuishi huku juu kama kuku. Nataka kushuka."

Akamgeukia Peckham, macho yamelowa, bila haya.

"Andika hivyo, bwana. Nataka kushuka."